Jiwe Lenye Ritifaa

Juchitán, 4 Februari 1991

Mwalimu Abundio Yescas,

Salamu. Natumaini ulifika Zoogocho salama na kwamba lile basi lenu la milimani halikukutupa korongoni, maana nina ugomvi na wewe na sipendi kugombana na marehemu.

Ulisimama pale Oaxaca, mbele ya walimu wa mikoa yote, ukasema ritifaa ni mavi ya inzi. Ulisema kialama kile tunachokiandika pale koo linapojifunga kinawatisha watoto. Eti mtoto akikiona kinaning'inia juu ya mstari anadhani ukurasa unaumwa, na tukikiacha msomaji atajua mwenyewe. Watu wakacheka, wakakupigia makofi. Mimi nilikuwa na kikombe cha kahawa ya moto mkononi, na ni Mungu tu aliyenizuia.

Sasa nisikilize, kwa sababu pale ulinikatiza. Aibu yetu sote ni kwamba wewe Mzapoteki wa milimani na mimi Mzapoteki wa pwani, wenyeji wa nchi hii kabla ya Wahispania, hatuelewani mpaka tuazime Kihispania, kwa hiyo sijui vizuri mnavyosema huko kwenu. Lakini huku kwetu guie' ni ua. Ondoa ritifaa, inabaki guie, na guie ni jiwe. Kijana anamwimbia mchumba wake dirishani, wewe na inzi wako mnamfanya amwite jiwe. Na neno letu la kukataa ni co', koo linafungwa mwishoni kama mlango. Liandike bila ritifaa, mlango unabaki wazi na mwanamume yeyote anaingia.

Nimezeeka nikikusanya maneno ya kamusi hii, neno moja moja, sokoni na misibani na kwenye mabafu ya watu. Mashairi yangu nayo nayaandika kwa lugha hiyo hiyo. Sitakaa kimya mtu aninyang'anye nusu ya koo langu kwa kuwa wanafunzi wake wanaogopa inzi.

Jibu, kama una jibu.

Hermila Regalado Cueto


Zoogocho, 19 Februari 1991

Bi Hermila mheshimiwa,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku ya soko. Karani wa posta aliniita mbele ya wauza nyanya wote: "Mwalimu! Mwanamke wa Juchitán!" Sasa kijiji kizima kinataka kujua nimefanya nini. Nimewaambia ni mambo ya sarufi, hawajaniamini.

Kwanza, masahihisho madogo. Sikusema mavi, nilisema uchafu. Mimi ni mtu mwenye adabu.

Pili, hata sisi huku koo linajifunga, tena sana. Ila hatuoni sababu ya kuandika kila tunapomeza mate. Natunga kitabu cha kwanza cha kusomea, na mwaka jana niliwajaribu watoto wangu kwa ukurasa wenye alama zako zote. Binti mmoja aliinua mkono akaniuliza kama karatasi ina viroboto. Nataka wasome, Bi Hermila, kabla hawajahamia Los Angeles wote.

Tatu, hata taipureta yangu iko upande wangu. Kitufe cha ritifaa kiling'oka zamani, wakati marehemu mke wangu alipokuwa hai, na mpaka leo sijawahi kukihitaji. Herufi nyingine zote zipo. Naona chuma nacho kina busara.

Hebu niambie kweli: umewahi kumwona mtu aliyechanganya ua na jiwe? Siulizi kwa ubishi. Jioni, nikitoka kwenye mazoezi ya bendi (napiga tuba, lile tarumbeta kubwa la kujiviringisha mwilini, ndiyo maana sina shingo), nyumba yangu ni kimya mno, na swali hili limenipa kitu cha kufikiria.

Wako kwa heshima,
Abundio Yescas


Juchitán, 6 Machi 1991

Mwalimu Abundio,

Unauliza kama nimewahi kumwona. Mimi mwenyewe naitwa hivyo. Hapa mjini mimi ni Hermila Jiwe. Nilianza kuitwa hivyo nilipomwambia co' mwenye kiwanda cha barafu, jina likakua nilipomwambia karani wa mahakama, na likakomaa nilipomkatalia mgane mmoja aliyetaka mtu wa kumkanda miguu. (Samahani, nawe ni mgane. Natumaini miguu yako ni mizima.) Mama yangu alikuwa akiniita ua. Watu walifunga tu ritifaa yake sandukuni, wakaniachia iliyobaki. Nacheka ninapoandika haya, lakini sitakuficha, linaniuma.

Sasa nikupe la kuchekesha kweli. Wiki iliyopita upepo wa kaskazini ulivuma, huu wetu unaopindua malori. Kamusi yangu bado ni vikaratasi ndani ya makasha ya viatu, neno moja kikaratasi kimoja. Dada yangu Gudelia akafungua mlango wa uani bila kubisha, na herufi G yote ikatoka nje. Nilikimbia barabarani na gauni la kulalia nikifukuza maneno. Mtaa mzima ulitoka kunisaidia. Jirani mmoja alirudisha neno la "masharubu" baada ya siku mbili, alikuwa amelibandika kwenye kioo chake kumsema mumewe. Neno la "ua" tulilikuta ndani ya chakula cha nguruwe, limelowa, ila lilikuwa na ritifaa yake. Tangu siku hiyo kila kasha nimelitilia jiwe juu.

Siku ile ile niliandika hili. Nakutafsiria kwa Kihispania, nawe ukipenda litie katika lugha ya mawinguni kwenu:

Neno nililolipata leo
lilikuwa limelala chini ya ulimi wa bibi yangu.
Nimelipuliza vumbi,
likaniuliza: mbona umechelewa?

Unapiga tuba kweli, au ulitaka tu nicheke?

Hermila


Zoogocho, 24 Machi 1991

Bi Hermila,

Miguu yangu ni mizima, asante.

Tuba napiga kweli. Na shairi lako nimelitia katika lugha yetu, nikawasomea watoto, na yule binti wa viroboto akasema, "Bibi yangu naye ana maneno yamelala." Sasa wanakwenda kuwaamsha bibi zao, kila asubuhi ni kelele darasani. Umeniharibia ratiba.

Kuhusu jina unaloitwa, naona tu kwamba watu wa mji wako hawajui kusoma.

Nina ombi. Nitumie kurasa za kamusi zilizokwisha kunakiliwa, hata kama ni chache. Nia yangu ni kuikosoa. Usifikirie kitu kingine.

Abundio


Juchitán, 5 Aprili 1991

Mwalimu Abundio,

Nakutumia kurasa kuanzia A mpaka G, zikosoe upendavyo. Mwisho wa G kuna doa la chakula cha nguruwe, usilikosoe hilo.

Tarehe 25 Mei ni vela ya mtaa wetu, sherehe yetu ya kukesha, na mwaka huu Gudelia ndiye mwenyeji. Anataka kila kitu kiwe kikubwa kuliko cha mwaka jana: bendi, keki, hema, hata ugomvi. Nimepewa nafasi ya kusoma mashairi kabla ya dansi, kwa kuwa baada ya dansi hakuna anayesikia. Nimefikiri mwalimu wa milimani angeweza kuja kusikia jinsi ritifaa inavyofanya kazi mdomoni mwa watu. Ni kwa ajili ya elimu. Mwanamume huingia na kreti ya bia na shati jeupe, mwanamke huingia na chakula. Joto litakuua, lakini utakufa umeshiba.

Gudelia ananiuliza kila siku kwa nini naimba nikifua. Nimemwambia siimbi.

Hermila

(Unaweza kuniita Hermila tu.)


Juchitán, 29 Aprili 1991

We mwalimu,

Mimi ni Gudelia, dada yake Hermila, mkubwa wake kwa miaka minne na kwa kilo nyingi zaidi. Nauza kamba wakavu na totopo, vile vichapati vikavu vya mahindi, sokoni, kwa hiyo karatasi ikinuka usishangae. Kihispania changu ni cha kununulia na kuuzia, utakielewa.

Nataka kujua, wewe una akili timamu?

Barua yako ilifika Jumatano. Ilifika imevimba kama tamale ya unga wa mahindi iliyokaa sana jikoni. Hermila aliipokea kwa mikono miwili, akakaa kibarazani bila hata kuvua kilemba, akasoma karatasi ya kwanza anatabasamu peke yake. Nikajisemea, haya, mwaka huu tunapika mara mbili. Akafika karatasi ya pili. Akaisoma, akairudia, akaikunja, akaenda kulala jua likiwa bado juu. Dada yangu hajawahi kulala mchana tangu surua.

Nikaisoma. Ndiyo, nasoma barua za watu, ningejuaje habari za nyumba hii? Umemwandikia shairi kwa lugha yetu, na mwanzoni tu umesema: Lii nga guie. Wewe ni jiwe! Halafu ukaendelea hivyo hivyo mpaka chini. Jiwe asubuhi, jiwe jioni, jiwe linalonukia mvua ikinyesha. Jiwe gani linanukia, mwalimu? Unataka kusema dada yangu haogi? Anaoga mara mbili, na wakati wa joto mara tatu, muulize yeyote.

Na karatasi yenyewe imejaa madoa ya buluu. Hermila anasema ulikuwa unakunywa mezcal ukaweka glasi juu ya shairi. Nilimwambia, "Labda amekosea tu, mtu wa milimani huyo, atajuaje?" Akanijibu, "Amekosea wapi? Nilimpa mfano huo mwenyewe, barua ya kwanza. Nikamwambia wananiita hivyo na kwamba linaniuma. Amechukua niliyomwambia akanifanyia mzaha." Akaenda kupanga vikaratasi. Haimbi tena akifua. Na sasa ninapomwambia habari ya vela anasema atabaki nyumbani na herufi H.

Sikia. Kama ulikusudia, usiguse mji huu. Nimekwisha kuwapa wanawake wa soko jina lako, na sifa zako zote pamoja na kukosa shingo. Kama hukukusudia, sema upesi, maana nimeagiza ng'ombe mzima.

Gudelia Regalado Cueto


Zoogocho, 6 Mei 1991

Hermila,

Naandika kwa penseli kwa sababu penseli haiogopi maji.

Barua ya dada yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa posta, na karani akaniletea kiti. Madoa ya buluu, Hermila, ni ritifaa. Nilizitia zote. Mimi, Abundio Yescas, niliyepigiwa makofi Oaxaca. Nilikaa na kurasa zako kuanzia A mpaka G, wala sikuzikosoa, nilijifunza. Nikachapa shairi kwa taipureta, na kwa kuwa kitufe kile hakipo, nikachukua kalamu ya wino wa buluu nikaziweka kwa mkono, moja moja, kila mahali koo lako linapojifunga. Nilikuwa nikizisema kwa sauti ninapoziweka. Jirani alifikiri nimepaliwa akaja na maji.

Sikukwambia kwenye karatasi ya kwanza kwa sababu nilitaka uzione mwenyewe uruke kwa furaha. Niliona raha kukuwazia unavyoruka. Basi mvua ya kwanza ikawahi mwaka huu, na mfuko wa barua husafiri juu ya paa la basi, kati ya kuku na magunia ya kahawa. Wino wa utepe wa taipureta haukutoka. Wino wangu ulitoka.

Nilisema msomaji atajua mwenyewe. Nikampata msomaji mwenye akili kuliko wote ninaowafahamu, na hakujua. Nimeshindwa, na nimeshindwa vizuri. Kitabu cha watoto nimekwisha kukirudia, kina ritifaa kila inapostahili, na yule binti nimemwambia ndiyo, ni viroboto, na wanauma usipowaandika.

Niliandika kwamba wewe ni ua. Sikuwa na mzaha hata kidogo. Nakupenda, Hermila, pengine tangu kile kikombe cha kahawa ulichokuwa unataka kunimwagia. Nina swali la kukuuliza, na sitaliandika, kwa sababu mimi na mvua hatuaminiani tena. Nikiruhusiwa nitakuja tarehe 25 na kreti ya bia na shati jeupe. Nisiporuhusiwa nitakaa hapa na tuba yangu, nitaelewa.

Abundio


Juchitán, 12 Mei 1991

Abundio,

Mvua yenye elimu kubwa hiyo! Imepita juu ya karatasi nzima, imeacha herufi zote, imeacha nukta na mikato, imechagua ritifaa peke yake. Tuiajiri chuo kikuu.

Hayo hapo juu niliyaandika asubuhi, nikiwa bado nimenuna. Nilikuwa nalamba bahasha nilipokumbuka barua yako ya Februari, ile ya kitufe kilichong'oka. Nikalitoa shairi chini ya godoro, nikalipeleka dirishani, nikaliinua mbele ya jua. Wino umekwenda lakini ncha ya kalamu yako ilibonyeza. Ziko zote. Una mkono mzito, asante Mungu. Hata ile ya neno la "mvua ikinyesha" umeiweka mahali ambapo mimi mwenyewe huwa nasita, na uko sahihi, nimerekebisha kikaratasi changu.

Nililia kidogo. Gudelia akaingia bila kubisha akasema, "Haya, sasa ni nini tena?" Nikamwonyesha. Akatazama karatasi, akatazama jua, akasema, "Kwa hiyo ng'ombe yupo pale pale."

Njoo. Shairi hilo ulisome mwenyewe, kwa koo lako, mbele ya watu wote walionipa jina.

Hermila


Juchitán, 28 Mei 1991

Shemeji,

Nakuita hivyo kabla ya wakati kwa sababu nimechoka kusubiri. Natumaini umefika na tumbo limetulia. Nilikuonya juu ya nyama ya mjusi iguana, ulisema unajua kula kila kitu.

Kwanza naomba radhi kwa barua ile. Wanawake wa soko nao wanaomba radhi, hasa yule wa jibini aliyekukaba langoni na kisu mkononi. Alikutambua kwa kukosa shingo, na habari za msamaha zilikuwa hazijamfikia.

Kusema kweli, ulipoingia nilikuona hufai hata senti moja. Shati limekushika, jasho linakutiririka, bia begani, na mkono mwingine umekumbatia furushi la gazeti. Nikajisemea, amemletea dada yangu jibini. Ukalifungua mbele ya watu, na ndani ni jiwe! Jiwe la mtoni, la mviringo, jeusi. Mimi nilikuwa nimeshika nanasi na nilikuwa tayari kulitumia. Halafu ukaligeuza, tukaona umelichongea kile kikoma cha ritifaa juu, pembeni, kwa patasi. Ukasema kwa lugha yetu, na kwa koo lililofunga sawasawa, "Nimeleta jiwe na ritifaa yake. Someni pamoja."

Watu wakasoma. Guie'! Ua! Unajua hata mwenye kiwanda cha barafu alisoma? Tena kwa sauti kubwa kuliko wote, mpumbavu yule, ila ana moyo mzuri. Na mpiga tuba wa bendi alipozidiwa na bia ukachukua tuba yake ukatupigia mpaka wazee wakacheza. Dada yangu alicheza na mimi, na mwenye barafu, na kiti, macho yake yakiwa kwako tu.

Ndiyo maana nashindwa kumwelewa. Mtu ametoka mawinguni, amechonga jiwe, amepuliza tuba mpaka midomo imevimba, anakuja kuuliza swali lake kwa lugha yetu bila kosa hata moja, nimesikia mwenyewe kwa sababu nilikuwa nyuma ya keki. Na dada yangu anamtazama, anatabasamu, anasema, "Nitakujibu kwa barua." Kwa barua! Mtu yuko mbele yake!

Nimemwuliza, "Unamtesa kwa nini?" Anasema hakutesi. Anasema, "Gudelia, kuna mambo ya mdomo na kuna mambo ya karatasi." Ameenda kuazima taipureta ya padri. Anagonga tangu asubuhi, anachana, anagonga tena. Mimi sijui ameandika nini. Safari hii amefunga mlango kwa ufunguo.

Jipe moyo. Kamba wakavu nimekuwekea ndani ya mfuko, wachache wamevunjika.

Gudelia


Juchitán, 3 Juni 1991

Abundio wangu,

Gudelia amekwisha kukuandikia, najua, bahasha ilikuwa inanuka kamba. Usimsikilize anaposema nakutesa. Au msikilize kidogo.

Nikwambie kwa nini sikukujibu pale pale. Wote walioniuliza kabla yako niliwajibu kwa mdomo, haraka, na mji ukachukua jibu langu ukalifanyia jina. Wewe nilitaka nikujibu kwa kitu ninachokipenda kuliko vyote, na mimi napenda maneno yaliyoandikwa yakakaa mahali pake. Tena bendi ilikuwa inapiga kwa nguvu, na wewe ulikuwa umetoka kwenye tuba na masikio yako yanavuma. Baada ya yote yaliyotupata, nilikataa kabisa unisikie vibaya.

Nimefikiri pia mambo ya kawaida. Wewe una darasa lako na ukungu wako, mimi nina soko langu na upepo. Sitaki kukuona ukiyeyuka hapa mwezi wa Aprili, na mimi nikivaa blanketi mwaka mzima nitakuwa mtu mbaya. Basi miezi ya joto nitapanda mimi, na makasha yangu. Shule ikifungwa mwisho wa mwaka utashuka wewe, na tuba. Kamusi yangu itafika herufi Z milimani kwako, na kitabu chako cha watoto tutakijaribu kwa watoto wa mtaa huu, ambao hawaogopi viroboto wala kitu kingine. Na siku moja tutagombana kwa Kizapoteki. Mimi nitajifunza chako, wewe umekwisha kuanza changu, tukiachie Kihispania kipumzike.

Jiwe lako liko juu ya herufi G. Juzi upepo wa kaskazini ulivuma tena, nje ya msimu wake, na Gudelia akafungua mlango kama kawaida yake. Gazeti liliruka, kilemba changu kiliruka, kuku mmoja aliruka. G haikutikisika. Watoto wanapita kulitazama, wanakigusa kile kikoma kwa kidole, wanafunga koo, wanasema "ua" na kukimbia. Leo asubuhi muuza maziwa alisimama mlangoni akaita, "Hermila Ua, maziwa!" Nilimwaga nusu sufuria.

Sasa swali lako. Uliliuliza kwa lugha yangu, nami nakujibu kwa lugha yangu. Nilikwambia barua ya kwanza kabisa kwamba neno letu la kukataa lina ritifaa mwishoni. La kukubali halina. Nimelisumbukia kwenye taipureta ya padri siku nzima, si kwa sababu ni gumu, ila nilipenda kuliona likitokea. Hata mashine yako yenye pengo inaweza kulichapa. Mfuko wa barua na upande paa la basi lolote, mvua inyeshe ipendavyo, safari hii haina cha kufuta:

Ya.

Hermila